Kemikali za Sumu Katika Chakula Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaolisha wengine: wazazi, walezi wa wazee, wauza uji, mama karanga (wakaangaji wa samaki na viazi), wapishi wa shule na madrasa, wenye maduka ya nafaka. Unahusu kemikali, si viini vya kuharisha. Viini vingi hufa kwenye moto, kemikali nyingi hazifi. Chakula chenye aflatoksini (sumu ya ukungu) au madini ya risasi au zebaki ukikichemsha saa nzima, sumu iko pale pale. Kwa hivyo kazi kubwa iko kabla ya jiko: kuchagua, kukausha, kuchambua, kuosha, na kutolisha kitu kimoja kila siku.

Kwa nini mtoto adhurike kwa chakula kile kile alichokula babake?

Kwanza piga hesabu kwa kilo ya mwili. Mtu mzima wa kilo 60 akila ugali wa unga gramu 300 kwa siku, amekula gramu 5 za unga kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 8 akinywa uji wa unga gramu 80 kwa siku, amekula gramu 10. Unga ni ule ule, lakini mtoto amepata sumu mara mbili. Tena baba atakula wali, samaki na maharagwe. Mtoto wa miezi minane huenda hana kingine ila uji huo asubuhi, mchana na jioni.

Pili ni mwili wenyewe. Utumbo wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na ubongo wake ungali unajengwa. Kwa mjamzito, risasi na zebaki hupita kwenye kondo la nyuma zikamfikia mtoto. Hata risasi iliyolala mifupani mwa mama kwa miaka hurudi kwenye damu mwili unapochota kalsiamu ya mifupa wakati wa mimba na kunyonyesha.

Wengine wa kuangaliwa ni wenye homa ya ini aina ya B, wagonjwa wa figo, wenye pumu, wazee, na wenye upungufu wa damu, kwa sababu mwili uliokosa chuma na kalsiamu huvuta risasi zaidi. Na wako wasiotajwa sana: wanaonunua kilichobaki sokoni jioni kwa kuwa ndicho wanachomudu. Njugu zilizosinyaa na mahindi yaliyovunjika huuzwa rahisi, na humo ndimo aflatoksini inamojaa zaidi.

Aflatoksini ni nini, na Pwani ina shida gani nayo?

Ni sumu inayotengenezwa na ukungu, hasa ule uitwao Aspergillus flavus, kwenye mahindi, njugu, mtama, kopra na viungo. Ukungu huo hupenda joto na unyevu, na Mombasa ina vyote viwili. Mahindi yaliyofika soko la Kongowea yakiwa makavu yanaweza kunyonya unyevu tena yakikaa ghalani wiki kadhaa za masika, gunia likiegemea ukuta au likilazwa kwenye sakafu ya saruji.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo, na katika hizo aina ya B1 isizidi 5. Kiasi hicho hakionekani, hakina harufu wala ladha. Uchungu wa njugu mbovu ni dalili nzuri ya kuitema, ila njugu isiyo chungu si ushahidi kwamba ni salama.

Sumu nyingi kwa mara moja huua. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Mwenye homa ya ini ya B akila aflatoksini, hatari yake ya saratani huwa kubwa mara nyingi zaidi, kwa maana vitu viwili hivyo hushambulia ini kwa pamoja. Ndiyo sababu chanjo anazopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 ni sehemu ya kinga ya chakula pia: ndani yake mna kinga ya homa hiyo ya ini. Usiache hata moja.

Nitajuaje mahindi yamekauka kabla sijayaweka au kuyasaga?

Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Kipimo cha mashine ndicho sahihi, na wafanyabiashara wakubwa wanacho. Nyumbani tumia chupa na chumvi.

Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa, ya ujazo wa mililita 750 hivi. Chumvi ya Mombasa mara nyingi imeshashika unyevu, kwa hivyo ikaange kwanza kwenye kikaango kikavu, uiache ipoe. Jaza chupa mahindi hadi thuluthi, tia kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iweke imetulia dakika 15. Ukiona chumvi imegandamana kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai ghala wala mashine. Chumvi ikianguka yote chini, uko chini ya 15. Hapo huenda bado hujafika 13.5, basi yaanike siku moja au mbili zaidi za jua kali.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo wala kando ya barabara. Safu isizidi vidole vitatu, geuza mara kwa mara, ingiza ndani kabla ya umande. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na kama unahifadhi zaidi ya mwezi nunua mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo huzuia wadudu na ukungu, lakini ukifungia mahindi mabichi ndani yake, umeyaozesha.

Kuna njia ya kupunguza sumu kwenye mahindi na njugu nilizonunua?

Ipo, na iliyo bora kuliko zote ni macho na vidole. Sumu haisambai sawasawa: punje chache huweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Mwaga njugu kwenye sinia jeupe, kaa penye mwanga wa mchana, toa zilizokunjamana, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zenye doa jeusi, la manjano au la kijani. Njugu zilizokwisha menywa na kukaangwa kwa rangi au pilipili haziwezi kuchambuliwa tena, kwa hivyo kwa mtoto nunua mbichi uchambue mwenyewe. Njugu iliyosagwa tayari sokoni hujui ilitoka kwenye fungu gani.

Mahindi yachambue vile vile, kisha yakoboe. Sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini, kwa hivyo unga uliokobolewa huwa na kidogo kuliko wa kusaga punje nzima. Unga usiokobolewa una lishe zaidi, hilo ni kweli, ila kama chanzo cha mahindi hukijui, kwa mtoto mdogo tunapendekeza uliokobolewa, na lishe iliyopotea irudishwe kwa dagaa, mayai na mboga. Kuloweka na kumwaga maji husaidia kidogo. Kukaanga, kuchemsha na kuoka usivitegemee.

Punje ulizozitoa usimpe kuku wala ng'ombe, wala usimuuzie mpika pombe. Ng'ombe akila mahindi yenye aflatoksini, sumu hutoka kwenye maziwa ikiwa na umbo lingine liitwalo M1, na wanywaji wakubwa wa maziwa ni watoto. Zifukie.

Nimchanganyie mwanangu uji wa nafaka ngapi?

Chache. Unga wa mchanganyiko wa mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, dagaa na mbegu za maboga kwenye pakiti moja umepata sifa kubwa, na nia ni njema. Tatizo ni kwamba kila kitu kinachoongezwa ni mlango mwingine wa sumu, na vikishasagwa pamoja huwezi kuchambua tena. Njugu na mahindi pamoja ndio mseto wa kuhofia zaidi. Tena njugu zina mafuta, na unga wake huharibika haraka kwenye joto letu.

Badala yake, saga nafaka moja au mbili ulizozichambua, kwa kiasi cha wiki mbili hivi, weka kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Badilisha siku kwa siku: leo wimbi, kesho viazi vitamu vilivyopondwa, kesho kutwa ndizi mbichi au mchele. Protini iongeze wakati wa kupika: yai, maharagwe yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba. Chini ya miezi sita mtoto hahitaji uji wala maji, anahitaji titi peke yake.

Lakini sumu si hupita kwenye maziwa ya mama?

Kiasi kidogo hupita, ndiyo. Endelea kunyonyesha. Mama anayejilisha mahindi yaliyochambuliwa na samaki wadogo anampa mwanawe maziwa salama kuliko kitu chochote cha chupa.

Risasi inaingiaje chakulani?

Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inashusha uwezo wa kujifunza, inaleta upungufu wa damu, na madhara kwenye ubongo hayarudi nyuma. Mombasa inaijua kwa uchungu: katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Mbali na viwanda, njia zake ni hizi. Manjano ya unga: katika nchi kadhaa, Bangladesh ikiwemo, wachuuzi wameonekana wakitia rangi ya risasi ili bizari ing'ae. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kuaminika. Nunua manjano mazima, yaoshe, yakwangue ngozi, uyasage mwenyewe au usimame kwenye mashine yakisagwa. Manjano yanayong'aa kama rangi ya ukuta yaache.

Sufuria nyingine hufuliwa kwa vyuma chakavu, mchanganyiko wa vipuri vya gari, mikebe na chochote kilichopatikana, na vipimo vilivyofanywa katika nchi mbalimbali za Afrika vimekuta risasi ikitoka kwenye sufuria za namna hiyo. Vitu vya uchachu huitoa zaidi: ukwaju, ndimu, nyanya, achari. Usipike mchuzi wa ukwaju humo, na hata kwenye sufuria nzuri ya alumini usiulaze usiku kucha. Uji wa mtoto upikiwe kwenye sufuria ya stili. Usikwangue sufuria ya alumini kwa steli wuli mpaka maji yageuke kijivu.

Udongo wa shamba lililo karibu na gereji, karakana ya betri au barabara kuu: mchicha unaopandwa hapo hubeba vumbi lenye risasi. Panda kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka kwingine, osha majani kwa maji mengi, menya mizizi.

Na jambo ambalo si chakula lakini huishia mdomoni: wanja wa jiwe anaopakwa mtoto mchanga. Aina nyingi za wanja huo ni madini ya risasi yenyewe. Mtoto hujisugua jicho, kisha hunyonya kidole. Tafadhali msiwapake.

Nina mimba na nashikwa na hamu ya udongo. Una ubaya?

Una ubaya. Udongo wa kula unaouzwa kwa vipande umepimwa katika nchi mbalimbali ukakutwa na risasi na aseniki, mbali na mayai ya minyoo, na huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini. Hamu yenyewe mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu. Mwambie muuguzi wa kliniki bila kuona haya, upimwe damu, umeze vidonge vya chuma na foliki kila siku. Si aibu, na si wewe peke yako. Ukishindwa kuacha ghafla, punguza kila siku na weka kitu kingine cha kutafuna, kama muwa au karoti.

Samaki gani anamfaa mjamzito na mtoto?

Samaki ale, tena mara mbili au tatu kwa wiki. Kumnyima mjamzito samaki kwa hofu ya zebaki ni kosa, kwa sababu mafuta ya samaki hujenga ubongo wa mtoto. Cha kufanya ni kuchagua. Zebaki hupanda kutoka samaki mdogo hadi anayemla, kwa hivyo wakubwa wanaokula wenzao na kuishi miaka mingi ndio wenye nyingi: papa, nduaro, jodari mkubwa, na nguru mkubwa. Wadogo wana kidogo: dagaa, simu, una, tafi, changu.

Papa ndiye swali gumu hapa kwetu, maana papa mkavu wa nazi ni chakula cha nyumba nyingi. Ukweli ni kwamba zebaki imeshikamana na nyama, haitoki kwa kuloweka wala kuchemsha, na samaki akikaushwa maji hupungua huku zebaki ikibaki, kwa hivyo kwa kila gramu inakuwa nyingi zaidi. Wakati wa mimba, kunyonyesha, na kwa mtoto chini ya miaka sita, papa na nduaro wasubiri.

Tulikula jodari asiyenuka vibaya, nusu saa baadaye nyuso zikawa nyekundu na vichwa kugonga. Ni mzio?

Huenda ni histamini. Jodari, una na nguru wakikaa juani, viini hugeuza nyama yao kuwa histamini, na ikishatengenezwa haiondolewi na kupika, kukaanga wala kugandisha. Dalili ni uso kuwaka, moyo kwenda mbio, kichwa, vipele, tumbo, mara nyingine ladha ya pilipili mdomoni. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo apelekwe hospitali mara moja, na yeyote anayepumua kwa shida vile vile.

Kwa wauzaji: barafu kilo moja kwa kilo moja ya samaki, tangu chomboni. Samaki aliyeachwa saa kadhaa kwenye beseni juani kisha akatiwa barafu jioni ameshaharibika, hata macho yake yakiwa maangavu.

Kasa na bunju?

Usile. Nyama ya kasa na ng'amba wakati mwingine huwa na sumu isiyojulikana kwa kumtazama mnyama, haiondolewi na moto, na hupita kwenye maziwa ya mama. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walikufa baada ya kula kasa, na wengine 78 wakalazwa. Kumuua kasa Kenya pia ni kosa la jinai. Bunju ni samaki mwenye sumu kwenye ini, mayai na ngozi inayozima pumzi, na dawa ya kuizima haipo. Mdomo ukianza kufa ganzi, kimbilia hospitali, usingoje.

Muhogo gani unadhuru?

Muhogo mchungu, na muhogo wowote uliovumilia ukame mrefu, una sumu nyingi iitwayo sianidi. Mtoto asitafune muhogo mbichi, hata ule mtamu. Mchungu usichomwe wala usikaangwe kachiri: moto mkavu hautoi sianidi ya kutosha. Menya, katakata vipande vidogo, loweka siku tatu ukibadilisha maji, kamua, anika mpaka ukauke kabisa, ndipo utwange. Kama una unga na huna uhakika nao, uchanganye na maji uwe uji mzito, utandaze mwembamba usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sianidi itapaa hewani. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo.

Kisamvu kitwangwe vizuri na kichemshwe bila kifuniko, kwa sababu hiyo hiyo ya hewa.

Mtu akila muhogo mchungu siku nyingi bila protini ya kutosha, hasa mtoto au mwanamke wa umri wa kuzaa, anaweza kupata konzo: miguu hukakamaa ghafla na haiponi. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nayo.

Sukuma wiki na nyanya zina dawa. Nizioshe kwa kitu gani?

Maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono, jani moja moja, pande zote mbili. Ukitaka zaidi, tia magadi ya kuokea vijiko vidogo viwili vya kusawazisha kwa lita moja ya maji, loweka dakika 15, suuza. Sabuni ya nguo usitumie. Nyanya yenye unga mweupe au wa kibuluu imwagie maji moto, menya ganda.

Dawa nyingine hunywewa na mmea ikaingia ndani ya jani, na hiyo haioshwi. Hapo mwenye jukumu ni mkulima: lebo ya dawa huandikwa siku za kungoja kati ya kunyunyiza na kuvuna, na siku hizo zinahesabiwa hata soko likipanda bei. Usinunue dawa iliyomiminwa kwenye kichupa kisicho na lebo.

Mbegu za kupanda zilizopakwa rangi nyekundu, ya waridi au kijani haziliwi hata zikioshwa. Iraki, 1971 na 1972, watu 459 walifia hospitalini baada ya kula mikate ya ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki.

Maji ya kisima nikiyachemsha si yanakuwa salama?

Yanakuwa salama kwa viini. Kisauni, Likoni na kwingineko visima vingi viko hatua chache kutoka vyoo vya shimo, na kinachovuja kutoka chooni huingiza naitreti kwenye maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Ukichemsha, maji hupaa, naitreti hubaki, kwa hivyo kiwango hupanda. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo, damu hushindwa kubeba hewa, midomo na kucha huwa za kibuluu. Maziwa yake yakorogwe kwa maji ya bomba yaliyochemshwa au ya chupa.

Chunga pia mtungi wenyewe. Mitungi ya lita 20 iliyobeba kemikali za viwandani huoshwa ikauzwa tena, na plastiki hunyonya kilichokuwemo. Chukua uliobeba mafuta ya kupikia, au mpya wenye alama ya gilasi na uma. Harufu isiyotoka baada ya kuosha ni jibu tosha.

Mimi ni mama karanga. Mafuta niyatumie mara ngapi?

Mama, idadi ya mara haitoshi kukuambia, angalia mafuta yenyewe. Yakiwa meusi, yakitoa povu dogo lisiloisha, yakianza kutoa moshi kabla ya kufikia moto wako wa kawaida, au yakinata kwenye karai, yamekwisha. Kuongezea mapya juu ya mabovu kunayaharibu mapya. Yanayokaa zaidi ni yale yanayochujwa kila jioni kwa kitambaa, yakafunikwa gizani, na moto ukapunguzwa pasipo na mteja. Samaki wa chumvi na viazi karai visikaangwe karai moja: chumvi na vijipande vinavyoungua huharakisha kuoza kwa mafuta.

Mafuta yasiyo na lebo na ya bei ya kushangaza yaache. Mafuta ya transfoma yamewahi kuripotiwa nchini yakiuzwa kwa wakaangaji, na ya transfoma kuukuu huweza kuwa na kemikali zinazokaa mwilini miaka mingi.

Mahamri na samaki wa moto usivifunge kwa gazeti: wino na mafuta yake huhamia kwenye chakula. Karatasi nyeupe isiyoandikwa inatosha.

Rangi ya ubuyu na achari?

Rangi za chakula zilizoruhusiwa kwa kipimo sahihi si sumu, ingawa Ulaya baadhi yake lazima ziandikwe onyo kwamba zinaweza kuvuruga utulivu wa watoto. Hatari ni rangi isiyo ya chakula, ile ya nguo au ya mikeka. Ubuyu unaoacha ulimi na vidole vyekundu mpaka kesho yake, usio na jina la mtengenezaji, usimpe mtoto. Nyumbani upikwe kwa sukari, hiliki na maji ya rosela, unapendeza vile vile.

Maembe ya kabaidi?

Kabaidi ya mafundi wa kulehemu, ambayo wauzaji wengine huivishia maembe haraka, huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Embe la manjano tupu lililo gumu na bila harufu penye kikonyo litilie shaka, lioshe na ulimenye. Muuzaji hana haja nayo: maembe yaliyokomaa yakifungiwa kwenye katoni pamoja na ndizi mbivu, kwa joto la Mombasa huiva siku mbili tatu.

Mgonjwa wa figo na mwenye pumu wana la ziada?

Wa figo aepuke maji ya mbirimbi na achari yake. Lina asidi ya oksaliki nyingi, na limewahi kuzima figo za watu waliolinywa kama sharubati. Wa pumu aulize kuhusu kamba: hutiwa salfaiti wasigeuke weusi, na salfaiti huweza kumbana kifua. Zimo pia kwenye matunda makavu yenye rangi ya kung'aa.

Nikishuku mtu amekula sumu?

Usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Kama ni mafuta ya taa au dawa ya wadudu, kutapika huipeleka mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi. Jasho jingi, mate kumwagika, mboni za macho kuwa kama ncha ya sindano na misuli kutetemeka ni dalili za dawa ya wadudu: nenda hospitali sasa hivi, na ubebe chupa au lebo. Macho kuwa manjano na tumbo kujaa maji kwa watu kadhaa wa nyumba moja waliokula ugali mmoja ni dharura vile vile.

Nitapima wapi, na nitaripoti vipi?

Maabara ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) na ya Mkemia wa Serikali ziko Mombasa. Ukipeleka nafaka, usichote kikombe kimoja juu ya gunia: chukua viganja kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya, peleka kilo moja au zaidi. Sampuli ndogo ikikosa zile punje chache mbovu, jibu litakudanganya.

Malalamiko yaanze kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako. Anayo mamlaka ya kuchukua sampuli dukani, jambo ambalo wewe huna. Mpelekee kilichobaki kikiwa kimefungwa na kuwekwa kwenye friji, pakiti yenye namba ya toleo na tarehe, risiti, jina la mahali uliponunua, na orodha ya waliokula: umri wao, saa waliyokula, saa dalili zilipoanza, na nani hakula akabaki mzima. Bidhaa yenye alama ya ubora, tuma SM# ikifuatwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwa ujumbe mfupi hadi 20023 uone kama ni ya kweli. Ibara ya 46 ya Katiba inakupa haki ya bidhaa zisizodhuru afya yako, na afisa akisita, itaje hiyo ibara na uombe jina lake na nambari ya kumbukumbu ya malalamiko yako.